Mwenzake Bi Taratibu

Cherehani ya Bi Taratibu haikuanza kazi kama za mafundi wengine. Ilikohoa kwanza. Ilishona kidogo ikanyamaza, ikashona tena ikanyamaza, kama mzee anayetafuta neno lililompotea. Kisha, bila sababu yoyote ambayo mpita njia angeweza kuiona, ikashika mwendo. Na ikishashika mwendo haikujua tena kuchoka. Ingeunguruma hivyo mpaka vivuli vihamie upande wa pili wa barabara.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo dari hushuka kwa mshazari na mteja mrefu hulazimika kuinama kabla hajasalimia. Alishona sare za shule na mapazia, akapunguza suruali za marehemu ziwaenee watoto wao. Mkabala naye alikaa fundi viatu, mtu wa maneno mengi ingawa mdomo wake ulijaa misumari kutwa nzima.

"Bi Taratibu! Leo injini imegoma?"

"Injini nzima. Dereva ndiye hajafika."

"Mpigie basi! Au huko aliko hakuna simu?"

"Gonga viatu wewe, utameza msumari."

Wateja walicheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini hakuwa anatania.

Kila siku ilikuwa vilevile. Akiweka miguu juu ya pedali, mapaja yalianza kuungua papo hapo, yakakaza kama mti mbichi. Angelazimisha, misuli ingejifunga fundo lisilofunguka mpaka kesho. Kwa hiyo hakulazimisha. Aliondoa miguu, akatia vifungo, akapiga pindo kwa mkono, akarudi kujaribu taratibu, akaacha tena. Na hapo, alipokuwa karibu kukata tamaa, aliuhisi. Ulikuwa kama mguu mwingine umeingia chini ya wake, mguu mwepesi wa msichana, ukaanza kukanyaga. Maumivu yakayeyuka. Pumzi ikatulia. Cherehani ikaenda. Benchi lake lilikuwa la kutosha watu wawili, naye alikalia upande mmoja tu. Mteja aliyetaka kupumzika alipewa kigoda.

Mguu ule aliujua. Ulikuwa wa dada yake.

Dada alikuwa kifungua mimba wa nyumba yao, msichana mwenye sauti nzuri na ulimi mkali, na aibu yake ilikuwa moja tu: alihesabiwa mvivu. Akitumwa hakwenda mbio. Akipanda kilima alisimama. Akitwishwa mzigo aliomba kuutua. Baada ya kusimama kidogo aliweza kutembea akawapita wote, jambo ambalo liliwaudhi watu wazima zaidi. "Mnaona? Nguvu anazo. Moyo ndio hana."

Siku moja shule ilihamisha matofali ya darasa jipya. Dada aliomba kupumzika. Mwalimu wa zamu akasema dawa ya mvivu ni kazi, akampa mzigo wa watu wawili na kumtaka akimbie nao mbele ya wenzake. Alikimbia. Alirudi nyumbani amebebwa, miguu imekakamaa kama magogo. Aliyeshika beseni alikuwa mdogo wake, huyu ambaye baadaye angeitwa Bi Taratibu, wakati huo mtoto asiyeelewa kitu. Mkojo uliotoka ulikuwa mweusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Mama yao aliutazama, akamtazama Dada, kisha akafunga mlango.

Dada alivimba uso. Mkojo ukakatika. Akafariki. Na kabla hajazikwa, neno lilikuwa limeshavuka ua: msichana yule amekunywa kitu, alikuwa na mimba, akataka kuitoa.

Hapakuwa na mimba. Lakini familia ile ilikuwa ya watu walioheshimika, na ilifanya kama wafanyavyo wengi wenye heshima wanapofikwa na jambo wasilolielewa: ilinyamaza. Picha ya Dada ikaondolewa ukutani. Jina lake likaacha kutajwa, na kwa kutotajwa likazidi kuchafuka, maana kimya cha wenye nyumba ndicho ushahidi wa wambeya.

Mdogo mtu alikua akawa mwanagenzi wa ushonaji. Alipowekwa mbele ya cherehani kwa mara ya kwanza miguu ilimgomea, na fundi wake akafoka. Alifumba macho akamkumbuka Dada. Ndipo mguu ule ukaja. Alitoka mbio nje huku uzi ukiwa umemnasa kidoleni.

Alimwambia mama yake. Mama, kwa hofu, akataka kuita wapungaji wamtoe shetani. Kaka yao, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo na mwenye kujua kila kitu kama wanafunzi wote wa chuo, ndiye aliyekataa.

"Hapungwi mtu hapa," alisema. Kisha akamvuta mdogo wake pembeni. "Na wewe, mdogo wangu, sikiliza. Usilitaje jambo hili tena, wala habari za marehemu. Ukikaa kimya, hakuna atakayekugusa wewe wala huyo unayesema yuko nawe. Watu wakikuuliza, umechoka tu."

Alikubali, tena kwa furaha. Alielewa vizuri masharti: akisema, watamfukuza Dada, akinyamaza, atabaki naye. Akanyamaza katika ndoa, ambayo haikudumu. Mume alitangaza kwamba ameoa gogo, kwa kuwa mkewe hakuweza kupandisha ndoo ya maji bila kuitua njiani mara kadhaa, na akamrudisha kwao bila hata kumsindikiza mpaka mlangoni. Akanyamaza kaka alipokuwa mkaguzi wa shule na kuoa mwalimu wa hesabu. Akanyamaza kaka alipofariki, na wifi akabaki ghorofani na binti mmoja, vyeti vilivyotiwa fremu, na jina la ukoo.

Wifi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesimama wima kwa muda mrefu mno. Kila asubuhi alishuka mwenyewe na kikombe cha chai, akakiweka kando ya mkasi, akauliza hali kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakuna mteja aliyewahi kumsikia akimwita fundi yule kwa neno jingine ila wifi yangu. Alijua habari za Dada kwa jinsi alivyosimuliwa na mumewe, kwa sentensi moja, taa ikiwa imezimwa. Na alizitunza kama mtu anavyotunza nyufa za ukuta kwa kuning'iniza kalenda.

Mtu anayekaa chini ya ngazi huwajua majirani kwa nyayo. Bi Taratibu alimjua mwenye deni kwa kunyata kwake, na mlevi kwa kuomba msamaha kila kidato. Nyayo za binti wa kaka yake alizijua tangu utoto, na tangu utoto zilimtia baridi. Zilipanda, zikasimama. Zikapanda, zikasimama. Halafu, baada ya kituo kirefu, zikapanda kwa wepesi mpaka juu.

Mara ya kwanza alipozisikia hivyo, alishusha mkasi akatazama upande mtupu wa benchi. "Dada," alinong'ona, "huyu mwache. Mimi sikutoshi?"

Alipojaribu pedali, mguu ulichelewa kuja, na akaona hakika kwamba Dada yuko juu, kwa mtoto.

Binti akakua, akawa mwalimu wa chekechea, akachumbiwa. Alikuwa na kicheko chepesi na ujanja mwingi wa kuficha: akisimama kwenye ngazi alitoa simu akajifanya anasoma. Bi Taratibu aliyaona hayo mpaka siku moja yakamshinda, akamwambia wifi yake alipoleta chai.

"Wifi, binti anasimama kwenye ngazi."

"Anasimama kwa sababu ya simu."

"Anaumwa miguu."

"Vijana wa siku hizi wanaumwa kila kiungo isipokuwa kidole cha kubonyezea."

"Kama nilivyokuwa mimi, na kama—"

Wifi alikitua kikombe. Hakupandisha sauti, hakuwahi kuhitaji. "Wewe na kaka yako mlikubaliana jambo. Mimi nalishika kwa niaba yake. Jumamosi mama wa mchumba anakuja. Nyumba hii haina wavivu, na haina mashetani. Kunywa chai, itapoa."

Mama wa mchumba alikuja kweli, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye macho ya mtu anayenunua kitambaa: yanapendeza, lakini yanatazama mshono. Na kama bahati mbaya ilivyopenda, saa hiyohiyo seremala alileta kabati la vitabu la marehemu, lililokuwa limepelekwa kutiwa miguu mipya. Seremala na msaidizi wake walipoanza kulishika ili walipandishe, mgeni akatania kutoka kwenye ngazi.

"Wachumba wa siku hizi kazi hawawezi tena? Wakati wetu tungelibeba na seremala juu yake!"

Ulikuwa utani wa kawaida wa mkwe. Wifi akausikia kama hukumu.

"Liacheni," akawaambia maseremala. "Mimi na mwanangu tutalipandisha."

Binti alimtazama shangazi yake. Mtazamo ule ulikuwa mfupi, kisha akainama akashika upande wa chini, ulio mzito.

Bi Taratibu alikaa chini ya ngazi akisikiliza kabati likipita juu ya kichwa chake. Nyayo zilisimama mapema sana. "Kaza mama, kaza," sauti ya wifi ilisema, tamu kwa ajili ya mgeni. "Karibu tunafika." Nyayo zikaenda. Hazikusimama tena, na huko kutosimama ndiko kulikomtisha. Aliweka viganja vyote viwili juu ya upande mtupu wa benchi. Nenda kwake, alisema moyoni. Nilikukataza, sasa nakutuma, nenda. Lakini mwenzake hakuwa wa kuharakishwa, hakuwahi kuwa hivyo.

Kabati lilifika. Binti akamwandalia mgeni chai, akacheka panapostahili, na aliposhusha sinia vidole vyake havikufunguka kuliachia. Mama yake alimsaidia kwa kuvibandua kimoja kimoja, nyuma ya pazia. Jioni alishindwa kusimama. Alipopelekwa msalani akaita, "Mama," kwa sauti ya mtoto mdogo.

Hospitalini walimlaza karibu na dirisha. Bi Taratibu alipofika wodini, kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa uso wa mpwa wake. Kilikuwa mfuko wa plastiki uliotundikwa ubavuni mwa kitanda, na kilichokuwa ndani yake. Kahawa iliyosahauliwa jikoni. Harufu ya ile nyumba ya utotoni ilimjia puani, na sauti ya mlango ukifungwa.

Muuguzi alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Amekunywa nini huyu? Semeni ukweli tumsaidie. Wasichana wanakuja hapa kila wiki, sisi si wageni wa mambo haya."

"Mwanangu hakunywa kitu," wifi alisema.

"Wazazi wote husema hivyo."

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama wa mchumba, aliyekataa kuachwa nyumbani. "Mimi si mama yake pia?" alikuwa amesema akiingia. Sasa macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kutazama mshono.

Daktari alikuja, mwanamke bado kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alieleza kwamba misuli ya binti imepasuka kwa wingi, rangi yake imemwagika katika damu, na figo zinazibwa nayo. Wangemtilia maji kwa wingi, na ikibidi mashine ingesaidia figo. "Lakini lazima nijue chanzo. Kuna dawa na sumu zinazofanya hivi. Kuna magonjwa pia ya kurithi, na kama ni hayo, nikikosea namruhusu aende nyumbani akafanye kosa lilelile, na mara ya pili huenda asiamke. Mama, katika ukoo wenu kuna mtu mwenye misuli dhaifu? Aliyekojoa mkojo mweusi? Aliyefariki kijana?"

Wifi alinyoosha shingo. "Hapana. Ukoo wetu ni wa watu wenye afya kabisa."

Daktari akaandika. Muuguzi akamtazama daktari, daktari akamtazama muuguzi, na mama wa mchumba akawaona wote wawili. Bi Taratibu aliliona neno lile la zamani likiingia wodini kwa miguu yake, likizunguka kitanda, likitafuta pa kukaa. Amekunywa kitu. Lilikuwa limemzika mmoja. Sasa lilikuwa linamtandikia wa pili, na aliyekuwa akililetea kiti ni wifi yake, mlinzi wa jina.

Alijua bei ya kufungua mdomo. Wapungaji si wote wanaokuja na ngoma. Wengine huja na kipimo cha moyo shingoni. Huyu msichana mwenye macho mekundu angeuliza swali moja, kisha jingine, na mwisho wa maswali yake Dada asingekuwa na mahali pa kukaa. Wifi, kana kwamba amesikia mawazo hayo, alimshika ukingo wa nguo. "Wifi," alisema polepole, "nakusihi."

Kitandani binti aligeuza kichwa. "Shangazi," alisema, "niambie, ninakufa?"

"Hufi," Bi Taratibu alisema. Kisha akamgeukia daktari. "Wapo. Tulikuwa wawili. Mmoja alikufa, na wa pili ni mimi."

Alisimulia akiwa amesimama, kwa sababu alihisi akikaa hatamaliza. Matofali, beseni, mlango. Uvivu uliosemwa, mimba iliyosemwa. Mume na ndoo zake. Cherehani inayokohoa. Kuhusu mguu alisema tu kwamba maumivu huanza, halafu huondoka yenyewe. Mama wa mchumba aliinama mbele. Wifi alikuwa ametazama dirishani, na mkono wake ulikuwa bado umeshika ukingo wa nguo, hauvuti, umeshika tu.

"Huondoka yenyewe?" daktari aliuliza, na usingizi ukamtoka machoni. "Baada ya kusimama kidogo? Kisha unaendelea bila taabu? Mama, njoo utembee na mimi."

Walitembea kwenye ujia, kutoka mlango wa wodi hadi dirisha la mwisho na kurudi, daktari amemshika kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine. Mapaja yakaanza kuungua. Moyo ukapiga kama mtu anayebisha hodi kwa fujo. Wagonjwa wenye kuegemea kuta waliwatazama wakipita. "Punguza, usisimame," daktari alisema. Walipunguza. Bi Taratibu akaita moyoni kama alivyoita siku zote, lakini kwa haya, kama anamwita mtu atoke mbele za wageni. Na Dada, ambaye hakuwahi kumtupa, akaja. Mguu ukaingia chini ya mguu. Pumzi ikatua.

"Amefika," aliponyokwa na neno.

Daktari hakusikia, alikuwa akihesabu mapigo. Akasimama katikati ya ujia akacheka kwa mshangao. "Yameshuka! Mtu anatembea, na moyo wake unapumzika! Nilisoma habari hizi kitabuni, sikuwahi kuzishika kwa mkono."

Aliwakalisha wote kando ya kitanda, akatazama utepe wa kupimia uliokuwa bado shingoni kwa Bi Taratibu, akachukua mifano ya ushonaji kuwaeleza.

"Mwili wote ni seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila chumba kina kazi, na kila kazi inataka nguvu. Nguvu hiyo iko ndani ya chakula, lakini imefungwa. Sukari na mafuta ni kama kuni ambazo hazijawashwa. Ndani ya seli mna vinu vidogo viitwavyo mitokondria. Huko chakula huunguzwa taratibu kwa pumzi tunayovuta, na nguvu inayotoka hutiwa katika chembe ndogo mno, kama betri za kuchaji. Zinatumika, zinarudi kujazwa, zinatumika tena, bila kukoma, hata sasa tunapozungumza. Zikikosa kujazwa, msuli unakaza, na ukilazimishwa unapasuka."

"Sasa," aliendelea, "msuli hauwezi kungoja kila mara damu ilete kuni. Unaweka akiba yake: sukari iliyounganishwa, ndefu, yenye matawi, iliyokunjwa kama uzi kwenye bobini. Ukianza kukimbia, kuna kimeng'enya, tuseme mkasi wa msuli, kinachokata vipande vya sukari kwenye ncha za uzi ule, haraka haraka. Kwako, mama, nadhani bobini imejaa uzi lakini mkasi haupo. Tutathibitisha kwa kukata kipande kidogo sana cha msuli, lakini moyo wako umeshanieleza. Akiba unayo, huwezi kuifungua. Mpaka ini, ambalo mkasi wake ni mwingine na ni mzima, limwage sukari yake katika damu, na mafuta yaanze kuja kutoka mbali. Yakifika, vinu vinapata cha kuunguza, na mguu unapata nguvu. Ndiyo sababu ya kungoja. Na anayelazimishwa asingoje—" Alitazama mfuko uliotundikwa, hakumalizia.

"Basi si uvivu," alisema mama wa mchumba.

"Si uvivu. Wala hakunywa kitu. Wala yule mwingine hakunywa kitu."

Wifi aligeuka kutoka dirishani. "Kwa hiyo ni damu ya kwao," alisema, kwa unyonge wa mtu anayeokoa kilichobaki. "Upande wa mume wangu."

"Mtoto haugui mpaka arithi kutoka pande zote mbili, mama. Kwao, na kwenu pia."

"Hata kwetu?"

"Hata kwenu."

Kama wifi angekuwa mtu wa kucheka, angecheka. Mama wa mchumba aliuliza habari za wajukuu, akajibiwa kwamba mwanawe akipimwa itajulikana, na yumkini hana kasoro hiyo. Akasema atazungumza na mwanawe, akakunja mkoba wake, akaaga kwa adabu. Lilikuwa jibu lisilo na ndiyo wala hapana, na hakuna aliyemshikilia.

Alipoondoka, wifi alikaa kwenye kiti kile. "Hakuwa na mimba," alisema.

"Hakuwa nayo."

"Na mimi nimemwonea haya mtu nisiyepata kumwona. Nimefunga mlango nikidhani naficha uchafu, kumbe ndani amelala mgonjwa." Alijifuta macho kwa ncha ya kidole, kwa namna ya mtu anayerekebisha wanja. "Nitalisema mwenyewe. Pale kwenye ngazi, mbele ya fundi viatu na mdomo wake. Alikuwa anaitwa nani hasa? Kaka yako hakuniambia hata hilo."

Bi Taratibu akalitaja jina. Lilitoka likiwa na kutu, akalirudia mpaka likawa laini.

Alimfuata daktari ujiani kabla hajaingia wodi nyingine. "Daktari, mwanangu. Hilo ini na mafuta. Ni hayo tu? Yanayokuja kwenye mguu?"

"Ni hayo tu, mama."

"Hakuna kingine."

Daktari alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Labda aliona kitu, labda ilikuwa uchovu. "Ulidhani ni nini?"

"Aa. Nilikuwa nauliza."

Figo za binti ziliamka polepole. Mfuko ukapauka, ukafanana na chai, kisha na maji. Siku aliporuhusiwa kusimama, muuguzi yuleyule, ambaye sasa alimwita mgonjwa wake dada, alisema atembezwe ujiani, na binti akamtaka shangazi yake, si mama. Wifi alibaki mlangoni na shali mkononi, akitazama bila kusema kaza.

Walikwenda taratibu sana, mkono kwa mkono. Kabla ya dirisha la kwanza binti aliuma mdomo.

"Inaungua, shangazi."

"Najua. Punguza. Usimlazimishe."

"Nani?"

Ujia ulikuwa mtupu. Jua la asubuhi lililala sakafuni kwa vipande. Bi Taratibu alihisi, kando yake, upande usio na binti, ule ukimya wenye mtu ndani yake alioujua tangu ujana. Ungeweza kutajwa. Binti angeamini, alikuwa na uso wa kuamini, na tangu siku ile angekuwa na mwenzake wa kumngoja, na wa kumwogopa, na wa kumsihi juu ya ngazi. Angekuwa na nafasi tupu kwenye kila benchi la maisha yake.

"Shangazi? Nisimlazimishe nani?"

"Ini," alisema Bi Taratibu. "Lina mwendo wake. Hakuna mtu, mwanangu. Hapana mtu kabisa."

Alikuwa hajawahi kumkana. Alingoja uchungu wa mapaja yake mwenyewe, ukaja; akangoja mguu mwepesi wa msichana, na haukuja. Waliendelea kuburuta hatua. Kisha binti akavuta pumzi, akasema kwa mshangao, "Imeacha. Shangazi, imeacha!" na akaanza kwenda. Na miguu ya Bi Taratibu nayo ikawa myepesi, yote miwili, bila kusukumwa na yeyote, ikambeba peke yake hadi mwisho wa ujia.